Haipendi Gaa

Mashine ilikataa kufa.

Sajini Lenah Nyambeki aliiwasha asubuhi, ikawekwa juu ya meza ya wapelelezi katikati ya mafaili na kikombe cha chai ya jana, na tangu hapo ilikuwa ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Watu wote wa nyumbani kwa marehemu walikuwa wameapa kwamba kompyuta hii ilizima kila jioni. Skrini inageuka samawati, uso mdogo wa huzuni unatokea, maneno ya Kizungu yanapangwa chini yake, halafu giza. Jioni ya mwisho haikuzima peke yake. Mwenyewe, Johana, mwalimu mkuu mstaafu, alikutwa kesho yake amelalia kibodi, amekufa, na shuka lake la baridi bado liko mabegani.

"Bado?" Inspekta Kimeli aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, afande. Leo imefanya kazi kutushinda wote hapa."

"Ngoja tu. Itakufa."

Kimeli aliketi, na kiti kikalalamika. Alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, mtu wa Bomet kabisa, mpole kwa mama yake na kwa ng'ombe. Kesi hii yeye alikuwa ameshaimaliza. Fundi aliyeitengeneza mashine wiki iliyotangulia alikuwa kijana wa Chepilat, jina lake Omwenga, na sasa alikuwa ndani ya seli. Jumatatu angepelekwa kortini kujibu kwa nini aliweka kitu kibovu ndani ya kompyuta ya mzee wa watu.

"Umeme ulimpika," Kimeli alisema.

Nyambeki hakujua kama amesema ulimpiga au ulimpika, maana kwa ulimi wa Kimeli maneno hayo mawili yalilala kitanda kimoja. Akaona haina haja kuuliza. Mzee alikuwa mochari vyovyote vile.

"Mbona hakuwa na alama ya kuungua, afande? Hata kidole."

"Umeme wa kompyuta ni mwembamba. Unaingia polepole." Kimeli alieleza mambo ya umeme kama watu wanavyoeleza mbinguni, kwa uhakika mwingi na bila kuwahi kufika.

"Na midomo? Mimi niliona mwili. Midomo na viganja vilikuwa vyekundu, vyekundu vibaya. Kama mtu alikuwa anakula matunda damu."

"Daktari atasema. Wewe andika umeme."

Nyambeki hakuandika. Aliagiza Omwenga aletwe.

Kijana aliingia akipepesa macho. Mkanda na kamba za viatu alikuwa amenyang'anywa, kwa hiyo alitembea akiburuta miguu na kushika suruali. Nyambeki alimfungua pingu mkono mmoja na kumsogezea bisibisi. Kimeli aliitazama ile bisibisi kama imeshaua mtu tayari.

"Hii mashine yako haitaki kuzima," Nyambeki alisema. "Ukipewa shida kama hii kule dukani, unaanzaga wapi?"

"Naanza kutoa, madam."

"Kutoa nini?"

"Kitu moja moja. Natoa moja, nawasha, naangalia kama bado inakufa. Kama haifi, basi ile nimetoa ndio ilikuwa inaiua. Lakini hapa haifi hata sijatoa kitu. Sijui nianzie wapi."

"Anzia pale afande anaogopa."

Omwenga akafungua ubavu wa mashine. Akapima pawa kwa kimashine chake kilicholetwa na vielelezo vingine, akasema iko sawa. Akatoa memori, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Akaisikiliza diski kwa sikio kama daktari wa watoto. Zote nzima.

"Ushahidi wa fundi juu ya kazi ya fundi," Kimeli alisema. "Hiyo si ushahidi."

"Basi shika mwenyewe, afande. Shika hapa kwa chuma. Kama ina shoti, itakupiga."

"Shika wewe."

"Mimi nimeshika tangu saa ile nimeingia."

Nyambeki alinyoosha mkono akakiweka kiganja kizima juu ya chuma. Kimeli akavuta miguu yake chini ya kiti. Hakuna kilichotokea, ila mashine iliendelea kunguruma.

"Sawa," Nyambeki alisema. "Pawa hapana, memori hapana, diski hapana. Lakini kuna kitu tumeshatoa, Omwenga, na hatujakihesabu."

"Gani?"

"Nyumba. Mashine ni ile ile. Kule inakufa, hapa inaishi. Tumeitoa tu kwa ile nyumba."

Omwenga alibaki na bisibisi hewani. "Hata kwangu dukani ilikuwa hivyo hivyo. Mzee alileta, ikakaa inawaka haizimi. Nikaisafisha, nikapuliza feni, nikamwambia hii ni nzima kabisa. Ikirudi tu nyumbani, inakufa."

"Feni ulipuliza?"

"Na mdomo na brashi. Ukiweka ugali ndani unakula."

"Hebu tuone hiyo sahani."

Feni ilitolewa. Mapanga yake yalikuwa yamevaa ngozi ya kijivu, laini kama poda ya mtoto mchanga, na kwenye vyuma vya nyuma ilikuwa imejaa hadi hewa haingeweza kupita. Omwenga alisema neno moja la Kisii ambalo mama yake hangelipenda.

"Hii si vumbi ya barabara, madam. Ya barabara ni nyekundu. Na hii ni ya wiki moja tu!"

Nyambeki alichukua kidogo kwa kidole, akasugua, akanusa. Alikuwa amekulia nyumba ya mama aliyechoma mahindi ya kuuza.

"Jivu," alisema.

"Kila nyumba iko na jivu," Kimeli alisema. "Jikoni."

"Mashine haikuwa jikoni, afande. Ilikuwa chumbani kwa mzee, na mtoto wake Weldon alikuambia wewe mwenyewe hakuna moto unaingia kile chumba. Eti mzee alikuwa anavaa shuka tu."

Kimeli akatabasamu na kuvuta simu ya Omwenga kutoka kwenye bahasha ya vielelezo. "Sasa sikiliza kitu kitakumaliza, fundi. Hii sauti mzee alikutumia jioni moja kabla ya kufa."

Akabonyeza. Sauti ya Mwalimu Johana ikajaa ofisini, nzito, ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma: *Omwenga, ni mwalimu hapa. Hii mashine imesima tena. Mchana ni sawa, jioni inasima. Lakini mimi nimejua shida yake. Haipendi...* Kikohozi kikaingia, kirefu, kibaya. *...gaa.* Halafu kicheko kidogo, na kikohozi tena.

"Umesikia?" Kimeli akamgeukia Nyambeki. "Wewe si wa huku, ngoja nikufundishe. Kwa Kikalenjin, gaa ni nyumbani. Haipendi nyumbani! Mzee alikuwa ameshashuku hii hila. Huyu kijana aliitega ifanye vizuri kwa duka yake na iharibike kwa mzee, ndio aitwe tena na tena. Akatega vibaya, ikaua."

"Hata mimi nilisikia hivyo," Omwenga alisema chini chini. "Chepilat wote tunajua gaa. Nikadhani ni mzaha. Nikamjibu na vile vikatuni vya kucheka."

Nyambeki aliomba simu. Alisikiliza tena. Akasikiliza mara nyingine, akiwa ameiegemeza sikioni na kufumba macho, hadi Kimeli akaanza kukohoa mwenyewe kwa kukosa subira.

"Afande, nikuulize kitu cha kijinga."

"Hicho ndicho unapenda."

"Pale nje ya geti, Janefer anachoma mahindi. Anachomea na nini?"

"Na jiko."

"Ndani ya jiko anaweka nini?"

"Si magaa," Kimeli alisema.

Hakuna aliyecheka. Kimeli alibaki mdomo wazi, akisikiliza neno lake mwenyewe likizunguka ofisini. Aliichukua simu mkononi mwa Nyambeki, akabonyeza, akaweka sikio. *Haipendi m...* Midomo ya mzee ilikuwa imefunga kabla ya kikohozi. Sasa alipoisikia, hakuweza tena kutoisikia.

"Woi," alisema, safari hii akiitamka k kwa uangalifu. "Haipendi makaa."

"Na anakohoa, afande. Alikuwa anakaa nayo mle ndani."

* * *

Walitoka na Land Rover, mashine ikiwa imefungwa blanketi kiti cha nyuma, Omwenga ameikumbatia kwa mkono wake huru. Nyuma kabisa kulikuwa na jiko la Janefer na mfuko wa makaa. Janefer alikuwa ameuliza polisi wanaenda kuchoma nini, akajibiwa kwamba bado haijajulikana.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mgongoni mwa kilima upande wa Ndanai, mabati ya rangi ya damu ya mzee na chai kuizunguka pande zote. Zamani pande zote. Nyambeki alimwambia dereva apunguze mwendo. Upande wa barabara, mistari mizima ya michai ilikuwa imeng'olewa, vigogo vimerushwa kando na mizizi juu, udongo bado mbichi. Vigingi vipya vilikuwa vimeshapigwa.

"Mzee mwenyewe alikataa hii chai iguswe," Kimeli alisema. "Nilimsikia kwa baraza. Weldon anataka kujenga vyumba vya kupangisha, mzee anasema Weldon amng'oe yeye kwanza."

"Basi mtoto ametii."

Mwenye chai alikuwa bado kwenye barafu, kaburi halijachimbwa, lakini mashimo mengine yalikuwa yamechimbwa kwa bidii.

Weldon alikuja kuwapokea akipangusa mikono. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, na sauti aliyoishusha kwa ajili ya msiba.

"Karibuni, afande. Karibu, madam. Na huyu mnamleta hapa kufanya nini?" Alimwangalia Omwenga. "Mama yangu akirudi kutoka kwa dada yangu Londiani na amkute, mimi sijui nitamwambia nini."

"Tunarudisha mashine pahali pake tuone vile inakufa," Nyambeki alisema. "Halafu twende zetu."

Alizunguka nyumba kwanza, polepole kama mtu anayetafuta choo. Nyuma ya chumba cha mzee, juu ya dirisha, kulikuwa na matundu mawili ya hewa. Chini yake, kwenye udongo laini, palikuwa na mashimo mawili ya miguu ya ngazi. Na kwenye saruji ya kukwaruza ya tundu moja, uzi wa kijani ulikuwa umenaswa, ukipepea. Aliutoa kwa kucha, akaufunga ndani ya karatasi. Mbwa wa nyumba, mzee wa meno machache, alimtazama kutoka kwenye gunia alilolalia karibu na stoo, akaona si kazi yake.

Chumbani mlikuwa na kitanda, meza, kabati la vitabu, na tapeti ya plastiki sakafuni. Omwenga aliunganisha waya. Mashine ikawaka.

"Ulituambia hakuna moto ulikuwa unaingia hapa," Nyambeki alimwambia Weldon.

"Hakuna. Sisi ni kuni jikoni, na gesi. Makaa hatuna. Uliza mtu yeyote."

"Hata mzee akisikia baridi?"

"Mzee alikuwa mkaidi, madam. Shuka tu."

Nje, dereva alikuwa amelipepea jiko la Janefer hadi likashika. Nyambeki aliliingiza mwenyewe, akafungua dirisha wazi kabisa, akaegemeza mlango kwa kiti. Halafu akaliweka jiko katikati ya chumba, mahali pabaya kuliko pote, na akasimama.

"Hii ni ya nini sasa?" Weldon aliuliza. Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni.

"Ni baridi."

Phyllis, mke wa Weldon, aliingia na trei ya chai. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa ametandika, amepika, amepokea waombolezaji na kuosha vikombe bila kukaa chini tangu msiba uanze, na mikono yake ilikuwa imeshaacha kumuuliza ruhusa. Aliweka trei mezani. Aliliona jiko katikati ya njia. Akaguna kama wanawake wanavyoguna wageni wakiweka viatu pabaya, akakunja pembe ya leso, akashika masikio ya jiko, na kwa msukumo mmoja akalitelezesha chini ya meza, upande wa kushoto, ubavuni mwa mashine.

"Hapo kati mtu atakanyaga," alisema.

Jiko lilikaa sawasawa. Lilikaa hivyo kwa sababu tapeti ilikuwa na duara pale, hafifu, ya rangi ya chai, na miguu mitatu ya jiko iliingia kwenye vidoti vitatu vyeusi kama mguu ndani ya kiatu chake.

Kimeli aliinama akaangalia. Aliinuka taratibu.

"Mama Phyllis," Nyambeki alisema, bila kupandisha sauti. "Nani alikuonyesha pahali pake?"

Phyllis aliangalia jiko. Aliangalia mikono yake. Halafu akamwangalia mume wake.

"Phyllis, leta sukari," Weldon alisema.

"Sukari iko hapa," Nyambeki alisema. "Kaa chini, mama."

Alikaa pembeni ya kitanda cha mzee. "Weldon alileta jiko kutoka soko," alisema. "Alisema baba anasikia baridi akiandika. Mimi nikafurahi. Nikasema kumbe bado wanapendana, hata na hii maneno ya chai. Mimi nawasha nje, yeye anaingiza."

"Kila jioni?"

"Wiki mbili. Baba alikuwa analalamika kichwa, na mashine yake inazima. Lakini asubuhi anaamka. Anakunywa chai anaenda kwa ng'ombe."

"Na ile asubuhi hakuamka, nani alitoa jiko?"

"Weldon. Alikuja kunivuta akasema, tumeua mzee kwa ujinga wetu. Akasema tukinyamaza, itaonekana ni umeme." Akafuta uso kwa ile leso yenye masizi, ikamwachia mstari. "Mimi nimenyamaza kwa sababu ni mimi niliwasha."

"Ilikuwa ajali!" Weldon alisema. "Mmesikia? Ajali. Mtu anaweza kuogopa, afande, wewe ni mtu unajua. Nilidanganya, ndio. Nifungeni kwa kudanganya."

Kimeli alimtazama Nyambeki. Uso wake ulikuwa karibu kukubali. Ajali za makaa alikuwa ameziona, kila msimu wa baridi kali: chumba kimefungwa, hewa ya sumu, midomo myekundu hivyo hivyo.

"Omwenga," Nyambeki alisema, "kitu kikifanya kazi wiki mbili, halafu siku moja kiue, unaulizaga nini?"

"Nauliza siku hiyo ni nini imebadilishwa."

"Jiko ni lile. Chumba ni kile. Mzee ni yule yule." Alimgeukia Phyllis. "Mama, yale matundu ya hewa hapo juu ya dirisha. Ile jioni ya mwisho nani aliyaziba?"

"Matundu?" Phyllis aliinua macho ukutani. Aliyatazama matundu kama mtu anayeonyeshwa jirani mpya. "Kuziba kwa nini?"

Kimeli naye alitazama ukuta. Omwenga alitazama ukuta. Kila mtu mle chumbani alitazama ukuta, isipokuwa Weldon. Weldon aliangalia nje ya mlango, kwa mbwa.

Ni kufumba na kufumbua tu, lakini Nyambeki alikuwa akilingoja jicho hilo. Alitoka nje, akapita uwanja, akamsukuma mbwa kwa mguu, kwa heshima. Gunia lilikuwa la mbolea, la kijani, jipya. Upande mmoja ulikuwa umekunjwa mara nyingi ukashikiliwa kwa kamba ya sisali, ukawa mto mgumu, na vumbi la saruji lilikuwa bado limeshikilia mikunjo. Pembeni nyuzi zilikuwa zimechanika. Aliifungua ile karatasi yake, akaulaza uzi juu ya pale palipochanika.

Aliporudi aliliweka gunia juu ya meza, karibu na trei. Mtu anayemzibia baba yake baridi, anaziba kwa ndani, akiwa chumbani, na baba anaona. Hili liliwekwa kutoka nje, kwa ngazi, giza likiwa limeshaingia na mzee ameshaketi.

Kimeli alitoa ufunguo mfukoni. Alimfungua Omwenga pingu, akamwambia, "Shika suruali yako, kijana," na zile pingu zikiwa bado na joto la mkono mmoja akazipeleka kwa mikono ya mwingine. Weldon hakupigana. Aliuliza tu kama wafanyikazi wa shamba waambiwe waache kung'oa.

Wakati huo mashine, feni imezibwa na jivu na joto la jiko liko ubavuni, ikapiga kelele ndogo ya koo. Skrini ikageuka samawati, na ule uso wa huzuni ukatokea juu kushoto, nukta mbili na mdomo ulioinama. Omwenga alinyoosha mkono kuizima.

"Iache kidogo," Nyambeki alisema. "Angalau mmoja humu ndani analia."

Phyllis alikuwa bado amekaa pembeni ya kitanda, magoti pamoja, mikono juu ya leso. Aliwatazama wakimtoa mume wake hadi akapita vigogo vya chai. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Madam, yeye ameziba. Lakini moto niliwasha mimi, na nikapepea vizuri ushike. Hiyo ya kuwasha, kwa sheria inaitwa nini?"

Nyambeki alikuwa anajua sheria, na haikuwa na jina la kuwasha moto kwa nia njema. Aliinama chini ya meza, akashika jiko kwa pembe ya ile leso, akalitoa nje mwenyewe.